Moto ni wa Aliyeuota

Kila mwisho wa juma, hasa katika miezi ya kiangazi, mtu apitaye Kariakoo asubuhi na mapema atakuta makundi ya watu wakijiandaa kwa matembezi. Wamo wafanyakazi wa ofisi moja waliochangishana fedha, wamo wanafunzi na walimu wao, na wamo jamaa waliovuka bahari kutoka Unguja na Pemba kuja kuwatazama ndugu zao. Hawa wanakwenda Kunduchi kupanda mashua iendayo kisiwa cha Mbudya. Wale wanapitia Gongo la Mboto kuelekea Pugu na Kisarawe. Na wachache wenye uwezo wanapanda basi la Moshi, nia yao kuukwea mlima. Kabla ya kuondoka hununua maji, mikate, ndizi, nyama na samaki. Na wengi wao, juu ya hayo yote, hununua vitu viwili vidogo: mkaa na kiberiti.

Matembezi ni jambo jema. Nchi ni yetu, na si haki hata kidogo kwamba uzuri wake ufaidiwe na watalii wa ng'ambo peke yao huku mwananchi wa Mtaa wa Swahili akiuona katika picha za kalenda. Lakini hatuna budi kukumbuka kwamba kila tunapotoka mjini kwenda porini, tunakwenda kama wageni. Swali ambalo makala haya yanataka kuliuliza ni dogo, ila jibu lake ni zito: mgeni anapoondoka, ule moto uliompikia chakula unabaki kuwa wa nani?

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, kwenye eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapandaji wanaotumia njia ya Mandara na Horombo. Kiangazi kilikuwa kimeyakausha majani, na upepo ulikuwa mkali. Moto uliendelea kwa zaidi ya juma zima. Askari wa hifadhi, vikosi vya zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji vya kandokando walipanda kupambana nao. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitangaza kwamba kilomita za mraba 95.5 za uoto zilikuwa zimeungua. Ili msomaji wa mjini apate kulielewa jambo hilo, na achore akilini mwake mraba ambao kila upande wake ni kama kutoka Kariakoo mpaka kuipita Ubungo. Kila kilichokuwamo ndani ya mraba huo kimegeuka masizi.

Moto huo ulianzaje? Maelezo ya awali yaliyotolewa na TANAPA yaliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ni rahisi basi kwa mtu aliyeketi kitini mjini kusema kwamba wenye makosa ni wapagazi, na kulifunga jambo hapo. Lakini hebu tufikiri kwa haki. Mpagazi amebeba mzigo usio wake, anapanda katika baridi isiyo na huruma, na chakula anachopasha si chake. Kuna mtu nyuma yake anayekingoja. Mtu huyo amelipa, na kwa kuwa amelipa anataka kila alichoahidiwa kifike mbele yake kikiwa cha moto. Je, aliuliza kinapashwa wapi na kwa moto gani? Je, baada ya kushiba aligeuka kutazama nyuma?

Siwanyoshei wenzangu kidole kwa kuwa mimi ni msafi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwamo katika msafara wa ofisi moja uliokwenda kupumzika katika kimojawapo cha visiwa vilivyo mbele ya jiji letu. Tulimlipa kijana atuchomee samaki ufukweni. Samaki walikuwa watamu, mazungumzo yakanoga, hotuba fupi mbili zikatolewa. Jua lilipoanza kushuka na nahodha kutuita, kijana yule alifukia makaa kwa mchanga kama alivyoona wengine wakifanya, tukajipanga kuingia majini. Hatujafika chomboni tukasikia ukelele. Mtoto mdogo wa familia nyingine, aliyekuwa akikimbia pekupeku, alikuwa ameukanyaga mchanga ule uliofunika makaa yetu.

Mama wa mtoto hakututukana. Alimbeba mwanawe, akamtia miguu baharini, akatutazama tu. Nami niliyetazamwa nilijitetea moyoni mwangu: si mimi niliyewasha, wala si mimi niliyefukia. Mwenye moto ni yule kijana. Utetezi huo ulidumu muda wa kuvuka maji tu. Tulipofika bara nilijua kwamba kijana yule asingaliwasha hata njiti moja laiti sisi tusingalitaka samaki. Samaki nilimla mimi. Basi na moto ulikuwa wangu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kanuni ya kwanza ya mgeni mwema ni hii: moto ni wa aliyeuota. Si wa mwenye kiberiti peke yake, bali ni wa kila aliyepata joto, mwanga au chakula chake. Kanuni hii haitakiwi kumpunguzia mwashaji wajibu wake. Inatakiwa kutuongezea sisi wengine wajibu ambao tumezoea kuutupa migongoni mwa wadogo wetu.

Pengine yuko atakayesema: nyasi zikiungua si huota tena mvua zikinyesha? Baadhi huota, ni kweli, na yako mapori ya nyika yaliyozoea moto tangu zamani. Lakini si kila msitu uko hivyo. Katika Kilimanjaro, juu ya msitu mkubwa, uko ukanda wa miti ijulikanayo kwa wataalamu kwa jina la erika. Ukungu unapopita, majani yake membamba huyanasa matone na kuyadondosha ardhini, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Wataalamu waliouchunguza mlima huo kwa miaka mingi wameonyesha kwamba moto wa mara kwa mara umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba hasara ya maji itokanayo na kuungua kwa miti hiyo ni kubwa kuliko ile itokanayo na kuyeyuka kwa theluji ambayo dunia nzima inaililia. Theluji inapigwa picha. Msitu unaonywesha watu haupigwi picha. Maji ya mlima huo ndiyo yanayousaidia Mto Pangani kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na mto huo huo ndio unaozungusha mitambo ya umeme kule Hale.

Watu wa Dar es Salaam wanaweza kuielewa kazi ya miti hiyo bila ya kusafiri. Watazame soko lao. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa mapaa ya zege yaliyosimama mfano wa miavuli iliyopinduliwa, ili yayakinge maji ya mvua. Alichokifanya msanifu kwa zege, msitu umekuwa ukikifanya kwa majani tangu kabla ya binadamu kujua kujenga. Tofauti ni kwamba paa la zege likiharibika hutafutwa fundi na fedha, lakini msitu wa ukungu ukiungua hakuna fundi wa kuitwa. Mjukuu ndiye atakayengojea urudi, kama utarudi.

Tena jambo hili si la watu wa Moshi peke yao. Maji tunayoyanywa katika jiji hili, kwa sehemu kubwa, hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Milima hiyo nayo huwashwa moto wakati wa kiangazi: mara ni mkulima anayesafisha shamba, mara ni mrina asali, mara ni mpita njia aliyetupa kipisi cha sigara. Mwezi Oktoba 2022 mvua zilipochelewa na Ruvu kupungua, jiji liliingia katika mgawo wa maji. Sisemi kwamba mgawo ule uliletwa na moto. Uliletwa na ukame. Lakini ukame ukiukuta mlima uliovaa msitu, unapata upinzani. Ukiukuta mlima uliovuliwa nguo, hauna wa kuuzuia.

Karibu zaidi na sisi iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Hii ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea sana hapo kale, na ndani yake mna mimea iliyo adimu duniani. Uko hata mti ambao wataalamu wameupa jina la Pugu katika lugha yao. Hapo karibu ndipo alipofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuiacha kazi ya ualimu mwaka 1955 ili aitumikie siasa. Huyo huyo Mwalimu, mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, alitamka mjini Arusha kwamba wanyama wa porini na mahali wanapoishi ni amana ambayo taifa litaitunza kwa ajili ya watoto na wajukuu. Misitu ya Pugu imekatwa na kuchomwa kwa miaka mingi ili mkaa wake uje kuuzwa mjini. Sasa inalindwa, na watu wanakaribishwa kuitembelea. Itakuwa aibu kubwa ikiwa msitu ulionusurika shoka la mchoma mkaa utateketezwa na sigara ya mtembezi.

Nasi wa Kariakoo hatuhitaji kufundishwa moto ni kitu gani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu letu liliungua. Magari ya zimamoto yalikuja, barabara za lami zilikuwapo, Serikali nzima ilikuwa mlangoni. Na bado wafanyabiashara waliamka maskini. Basi na tujiulize: ikiwa katikati ya jiji, penye gari, simu na watu tele, moto ulitushinda kwa usiku mmoja, utatushindaje huko penye mteremko wa mawe, upepo na nyasi kavu, ambako maji ya kuuzimia hubebwa mgongoni? Ndiyo maana porini hatuzungumzii kuuzima moto tu. Tunazungumzia kutouachia nafasi ya kuanza.

Mambo ambayo mgeni anatakiwa kuyafanya si magumu, wala hayahitaji elimu ya juu. Kwanza, aulize kabla ya kuwasha. Kila hifadhi ina watunzaji wake na ina mahali palipotengwa kwa kupikia. Pasipotengwa hapawashwi, hata kama jana paliwashwa na mtu mwingine. Pili, autazame msimu na upepo. Moto wa mwaka 2020 ulikuwa wa Oktoba. Na Oktoba 2022 mlima uliungua tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, ndio wakati ambao cheche moja hupata kila inachokitaka. Siku ya upepo mkali na tule mikate na ndizi. Hakuna aliyekufa kwa kukosa nyama choma mchana mmoja.

Tatu, mahali pa moto pafagiliwe majani pande zote mpaka udongo uonekane, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi wake. Moto wa watu wote huwa si moto wa mtu yeyote. Nne, moto uzimwe kwa maji, si kwa mchanga. Mchanga huyafunika makaa na kuyatunzia joto lake kwa saa nyingi. Huyaficha macho yetu lakini hauyaui. Mwaga maji, koroga jivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha usogeze mgongo wa mkono. Ikiwa bado panafukuta, hujamaliza. Tano, sigara izimwe na kipisi kirudi mfukoni. Na sita, atakayeuona moshi asioutarajia asidhani kwamba mwingine ameshatoa taarifa. Aseme yeye, na aseme mara moja.

Sisi tuliosoma chuoni tungali wadogo tulifundishwa kwamba Mtume alikataza kuuacha moto ukiwaka nyumbani wakati watu wanapolala. Ikiwa agizo hilo lilitolewa kwa ajili ya nyumba moja na watu wake, litazidi kuwa zito kwa nyumba yenye viumbe maelfu ambao hawawezi kufungua mlango na kukimbia.

Kwa ndugu zetu wa visiwani nina neno la pekee. Ninyi mnaijua maana ya mgeni kuliko sisi, kwa kuwa visiwa vyenu hupokea wageni mwaka mzima, na kila mmoja wenu ameshaona mgeni asiyejua adabu ya mji. Basi mnapovuka kuja huku na kutoka Kariakoo kwenda matembezini, zigeuzeni nafasi. Kuweni wageni ambao mngependa kuwapokea. Na mkirudi kwenu, kumbukeni kwamba kisiwa hakina pa kukimbilia. Msitu wa Jozani, uliofanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, umezungukwa na vichaka vya maweni vinavyokauka sana wakati wa kiangazi. Humo anaishi kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Moto ukishika bara, mnyama huhamia bonde la pili. Ukishika Unguja, bonde la pili ni bahari.

Kwa viongozi na watumishi wa Serikali nina maneno matatu, nayo nayasema kwa heshima. La kwanza ni kwamba sheria tunazo. Bara tunayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Zanzibar inayo yake ya mwaka 1996. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haizimi moto. Mabango yawekwe kwa Kiswahili chepesi pale watu wanapokatia tiketi, pale wanapopanda mashua na pale wanaposhuka, na yaseme wazi ni wapi moto unaruhusiwa na ni wapi haruhusiwi mtu kuwasha.

La pili ni kwamba tusimlaumu mpagazi na mchoma samaki kabla hatujawapa vifaa. Mtu aliyeagizwa kupasha chakula mahali pasipo na jiko la usalama wala maji ya kuzimia amewekwa katika mtego. Kampuni zinazochukua fedha za wageni zidaiwe majiko yanayofaa, mafunzo ya kweli na mtu wa kukagua kambi kabla ya kuondoka. Na vijiji vinavyopakana na hifadhi vipewe mapanga, majembe, viatu na mawasiliano kabla ya Oktoba, si baada yake. Mwanakijiji ndiye afikaye wa kwanza kwenye moto wa mgeni. Si haki afike mikono mitupu.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Viongozi nao hutembea, na misafara yetu ni mikubwa. Pale tunapokwenda kupumzika baada ya semina, watu wa chini hutuandalia kila kitu, nasi huondoka kwa magari tukiwaachia majivu. Mfano wa kiongozi hufundisha kuliko waraka wake. Siku mwananchi atakapomwona ofisa mkubwa akichota ndoo ya maji na kuinama juu ya makaa, kuyakoroga na kuyapapasa kwa mkono wake mwenyewe, siku hiyo bango halitahitajika mahali pale.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimaanisha kwamba ugeni si kinga dhidi ya wajibu. Sisi wa mjini tumekuwa wageni wa misitu, milima na visiwa hivi kwa muda mrefu mno bila ya kushika jembe. Tumekula, tumepiga picha, tumeondoka.

Sikumjua jina mtoto yule wa kisiwani, wala sikujua majeraha yake yalipona lini. Lakini kila nipitapo Kariakoo siku ya Jumamosi na kuona mtu anafunga mkaa wake katika mfuko wa plastiki, tayari kwa safari, natamani kumsimamisha nimwulize jambo moja tu: Ndugu yangu, na maji ya kuuzimia umebeba? Asipokuwa nayo, arudi dukani. Bei yake ni ndogo kuliko ya samaki.